Uchochezi au Utungo? Ken Walibora na Sanaa Iliyoshutumiwa na Dola

Makala haya mafupi yanakusudia kueleza jinsi dola ya kimabavu inavyoikabili sanaa isiyoipendeza, kwa kuegemea uhakiki wa mwandishi mmoja wa Bungoma na Kitale. Mfano ujulikanao sana ni wa Munich, mwaka 1937, ambapo serikali ya Kinazi ilitundika kazi zipatazo 650 za sanaa ya kisasa na kuandika maneno ya kejeli ukutani, ili watazamaji wazicheke. Kenya ilishika njia nyingine. Kazi haikuonyeshwa ichekwe, bali ilibatizwa jina: utungo ukaitwa uchochezi, na mchochezi haulizwi habari za vina wala za wahusika.

Abdilatif Abdalla alifungwa miaka 3, 1969 hadi 1972, kwa ajili ya waraka wake Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyatunga kifungoni, akiyaandika juu ya karatasi za msalani, yalichapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye mtunzi alifungwa chini ya utawala wake! (Wahakiki wetu wamelipita jambo hili upesi mno.) Naye Alamin Mazrui, baada ya kuchapisha tamthilia ya Kilio cha Haki mwaka 1981, alitiwa kizuizini 1982 bila ya kuhukumiwa.

Ken Walibora (1965–2020) alizaliwa Baraki, Bungoma, akakulia Cherangany, upande wa Kitale, mji ambao Kongowea wa Siku Njema (1996) anaufungia safari kutoka Tanga. Katika uchambuzi wake wa 2009, Walibora aliiona Sauti ya Dhiki kuwa ni utungo wa sauti nyingi. Kwa maoni yetu, hoja hiyo inaugusa mzizi wa shutuma yenyewe. Neno uchochezi hudai kwamba msanii ana kauli moja tu, nayo ni amri kwa msikilizaji. Lakini sauti zinapojibizana, amri hiyo ataitoa nani?

Katika Kidagaa Kimemwozea (2012) Walibora aliigeuza kejeli: anayechekwa sasa ni mtawala, Mtemi Nasaba Bora. Riwaya hiyo iliteuliwa kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, kwa idhini ya serikali.