Mwalimu wa Pwani Akipangiwa Kisii: Afundishe kwa Mbinu Gani?

Vijana wetu wa Pwani waliosomea ualimu wakiajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), wengine hupangiwa kazi mbali na kwao. Wako wanaofika Kisii na Nyamira, kwenye vilima vya migomba na mashamba ya chai. Nao walimu kutoka Gusii wako huku kwetu, wanafundisha watoto wetu. Kwa hivyo suala hili linatugusa pande zote mbili.

Mwalimu aliyezaliwa Mombasa au Lamu hudhani kufundisha Kiswahili huko ni kazi nyepesi, maana lugha ni yake. Huingia darasani akazungumza kwa kasi ya barazani, watoto wakaitikia "Ndiyo, mwalimu", kengele ikalia. Lakini kuitikia si kuelewa.

Jambo la kwanza ni kumjua mwanafunzi. Mtoto wa kijijini Gusii huja shuleni na Ekegusii. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, sera ya Kenya imekuwa kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Mtaala wa umilisi ulioanza nchini kote 2019 umeendelea na msimamo huo. Mwalimu asiione lugha ya mtoto kama kikwazo, bali kama ngazi.

Tazama mfano. Ekegusii ni lugha ya Kibantu kama yetu: mtu ni "omonto", mtoto ni "omwana", nyumba ni "enyomba". Mwalimu akiandika maneno hayo ubaoni sambamba na ya Kiswahili, watoto wenyewe watagundua yanapofanana na yanapoachana. Tena Ekegusii ina irabu saba, Kiswahili kina tano. Mtoto akikosea matamshi, si uzembe. Sikio lake limezoea sauti nyingine. Kumcheka ni kumziba mdomo mwaka mzima. Hata katika hesabu, sita kwa Ekegusii husemwa "tano na moja". Mwalimu anayelijua hilo ana njia rahisi ya kufundisha kujumlisha.

Jambo la pili ni kupatanisha mbinu na lengo. Maelezo ya mwalimu yanafaa kwa kufungua somo jipya, lakini yawe mafupi. Kipindi cha gredi ya nne ni dakika 35; ukizungumza 30, mtoto atafanya mazoezi saa ngapi? Ukitaka wazungumze, tumia maigizo: mmoja auze ndizi, mwenzake apatane bei. Ukitaka wafikiri, uliza swali, kisha subiri kidogo kabla ya kumtaja wa kujibu. Darasa likijaa, wape kazi wawili wawili, hata yule mwenye haya atapata zamu.

La tatu ni vifaa. Usingoje vya kununua. Huko yapo mawe ya kuchonga ya Tabaka, majani ya chai, mikungu ya ndizi. Mtoto hupima, huhesabu na huandika insha kwa kitu anachokijua. Ukimwandikisha insha juu ya jahazi na hajaiona bahari, utakuwa unapima safari zake, si lugha yake.

Mwisho, jipime. Dakika tano kabla ya kengele, mpe kila mtoto swali moja aandike jibu. Wengi wakikosa, badilisha mbinu kesho, usibadilishe fimbo.

Na haya yote mwalimu wa Kisii aliyeko Kwale au Kilifi ayageuze upande wake: mtoto wa Kidigo au Kigiriama naye ana lugha yake, na ana minazi na samaki wa kuhesabia. Wazazi nasi tumkaribishe, tumfunze maneno ya hapa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ugeni wa mwalimu ukiwa na mbinu, anayepona ni mtoto.