Bwana Oh: Mpigaji Aliyegeuka Mwalimu

Mpira wa miguu tunaujua sote. Huko Japani upo pia, lakini mchezo unaopendwa sana na watu wa huko ni besiboli. Leo tunaeleza habari za Bwana Sadaharu Oh, mchezaji mashuhuri wa besiboli. Bwana huyu alifanya kazi mbili katika maisha yake: kwanza alipiga mpira, kisha akafundisha timu. Kazi ya pili ilimtesa kuliko ya kwanza.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana bila hivyo habari haitaeleweka. Mtu mmoja anarusha mpira mdogo, mgumu. Mtu wa timu ya pili anamngojea umbali wa mita 18 hivi, ameshika gongo. Akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo vinne. Mpira ukipita juu ya uzio wa uwanja, basi hakuna wa kumzuia; anazunguka polepole huku watu wanashangilia. Huo tutauita mpigo wa uzio. Si kazi rahisi. Mpira wa mrushaji hodari unafika kabla nusu sekunde haijaisha. Anayefaulu mara 3 katika 10 anahesabiwa kuwa mpigaji hodari.

Bwana Oh alizaliwa Tokyo mwaka 1940. Baba yake alikuwa Mchina mwenye mkahawa wa tambi, na mama yake Mjapani. Baba alitaka mwanawe awe mhandisi, lakini kijana akapenda mpira. Mwaka 1957 shule yake ilishinda mashindano makubwa ya shule za nchi nzima. Yeye ndiye aliyekuwa mrushaji, na alirusha huku vidole vinatoka damu. Mwaka huo huo alizuiwa kucheza mashindano mengine ya taifa. Kwa nini? Kwa sababu hakuwa raia wa Japani. Amezaliwa hapo, amekulia hapo, lakini karatasi zilisema ni Mchina.

Mwaka 1959 aliajiriwa na timu kubwa ya Tokyo, Yomiuri Giants. Wakamtoa kwenye urushaji, wakamfanya mpigaji. Alijaribu mara 26 za kwanza bila kupata kitu. Sasa, jina Oh kwa lugha yao maana yake ni mfalme. Watazamaji wakamzomea: mfalme wa kukosa!

Mwaka 1962 timu ilimpata mwalimu wa upigaji, Bwana Hiroshi Arakawa. Huyu walifahamiana zamani. Ndiye aliyemkuta Oh akiwa mtoto anacheza, akamwambia apige kwa kushoto kwa kuwa mkono wake wa asili ni wa kushoto. Safari hii aliona kwamba Oh anaingia mbele mapema, kabla mpira haujafika. Dawa yake ilishangaza watu. Alimwambia ainue mguu wa kulia, asimame kwa mguu mmoja kama korongo, angoje. Hebu jaribu mwenyewe: shika mpini wa jembe, simama mguu mmoja, halafu mwambie mtoto akurushie chungwa. Utaona kazi yake.

Kusimama hivyo kulitaka mazoezi. Walijifunza mchezo wa kujihami uitwao aikido. Usiku Oh alipunga gongo nyumbani kwa mwalimu wake mpaka mikeka ya sakafuni ikachakaa. Tena alipewa upanga mkali akate kipande cha karatasi kilichoning'inizwa. Karatasi haikatiki kwa nguvu, inasogea tu. Inataka mkono mwepesi na shabaha.

Mwaka huo huo alipata mipigo ya uzio 38, wa kwanza katika ligi yake. Mwaka 1964 alipata 55. Kuanzia 1965 hadi 1973 timu yake ilikuwa bingwa wa Japani miaka tisa mfululizo. Tarehe 3 Septemba 1977 alipata mpigo wa 756, akampita Hank Aaron wa Marekani aliyekuwa na 755. Alipostaafu mwaka 1980 alikuwa na 868.

Basi watu wakadhani mpigaji kama huyo atakuwa mwalimu wa ajabu. Kumbe sivyo. Mwaka 1984 alifanywa mwalimu mkuu wa Giants. Katika miaka mitano alishinda ligi mara moja tu, mwaka 1987, na ubingwa wa nchi hakuupata. Mwaka 1988 akaondoka.

Kuna jambo moja hatulifichi. Mwaka 1985 Mmarekani Randy Bass alikuwa na mipigo 54, karibu kuifikia 55 ya Oh. Mechi ya mwisho alicheza na timu ya Oh, na warushaji wakamrushia mipira ya pembeni isiyopigika. Mwaka 2001 Tuffy Rhodes, Mmarekani pia, alifanyiwa hivyo hivyo na timu ya Oh. Bwana Oh alikana kuwaagiza. Hata kama hakuagiza, sisi tunaona mwalimu alikuwa na uwezo wa kuwakataza.

Mwaka 1995 alichukua timu ya Hawks ya mji wa Fukuoka, timu dhaifu wakati huo. Mwaka 1996 ilikuwa ya mwisho katika ligi. Washabiki wenye hasira walilirushia mayai basi la timu. Hebu fikiria, mtu wa mipigo 868 amekaa ndani ya basi, mayai yanatiririka dirishani! Hakukimbia. Alibaki na vijana wake, akawafundisha miaka mitatu mingine. Mwaka 1999 Hawks ikawa bingwa wa Japani, mara ya kwanza tangu 1964, na tena mwaka 2003.

Machi 2006 aliongoza timu ya taifa ya Japani kwenye mashindano ya dunia huko Marekani. Waliishinda Kuba 10 kwa 6 wakachukua kombe. Julai mwaka huo alipasuliwa, akatolewa tumbo la chakula kwa sababu ya saratani. Mwaka 2007 alikuwa uwanjani tena na Hawks. Aliacha kazi hiyo mwaka 2008, akiwa na miaka 68. Msimu huo wa mwisho timu yake ilishika mkia.