ASUBUHI MWALIMU, JIONI MWANAFUNZI
Wasaidizi wa kufundisha wa vyuo vya Marekani nao wahesabu saa zao

Mfanyakazi wa kiwandani akiambiwa kwamba watu wa Chuo Kikuu wamegoma, huenda akacheka kwanza. Watu waliovaa koti jeupe na kushika vitabu, wao wana shida gani? Lakini tarehe 14 Novemba 2022, katika jimbo la California nchini Marekani, wafanyakazi wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha jimbo hilo waliweka kazi chini. Tena chama kilichowaongoza ni UAW, chama kile kile cha wafanyakazi wa magari kilichozaliwa mjini Detroit mwaka 1935. Siku hizi chama hicho kina wanachama karibu 100,000 ambao kazi yao iko vyuoni. Basi yafaa tuwajue wenzetu hawa ni nani.

Wengi wao ni vijana waliomaliza digrii ya kwanza na kuingia kusomea digrii ya juu. Tumchukue kijana wa kemia. Kwa desturi ya huko, hatozwi karo; chuo humsamehe karo na kumpa mshahara mdogo, naye hulipa kwa kufundisha. Huitwa msaidizi wa kufundisha. Wiki ya kwanza tu, kabla hajajua hata njia za chuoni, hukabidhiwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza awafundishe kazi za maabara.

Kwenye karatasi kazi yake ni saa 20 kwa wiki. Tuzihesabu kama tunavyohesabu kilo za majani ya chai kwenye mizani. Ana makundi mawili ya wanafunzi 24, kila kundi saa 3 maabarani: hizo ni saa 6. Mkutano na mhadhiri mwenye somo, saa 1. Kusoma jaribio la wiki hiyo, kulijaribu mwenyewe na kukagua vyombo, saa 3. Kukaa ofisini kuwasaidia waliokwama, saa 2. Jumla saa 12, zimebaki 8. Katika hizo 8 asahihishe ripoti 48, yaani dakika 10 kwa kila moja. Nani asiyejua kwamba ripoti mbovu haisomeki kwa dakika 10? Ikichukua dakika 15, kusahihisha peke yake ni saa 12, na wiki imekuwa ya saa 24. Saa 4 hizo hazina malipo. Wiki ya mitihani hata usiulize.

Na hapo hatujagusa masomo yake mwenyewe. Ana masomo mawili au matatu, kila moja na mazoezi ya kukokotoa yanayomla usiku mzima, na akipata alama za chini ya wastani uliowekwa anaweza kufukuzwa. Juu ya hayo lazima atafute profesa wa kumpokea katika maabara yake ya utafiti, maana bila profesa hakuna digrii. Kwa hiyo ana mabwana watatu: mhadhiri anayemsaidia, walimu wanaomfundisha, na profesa anayetaka kumwona maabarani. Kila mmoja wao humwomba kidogo tu, na hakuna hata mmoja anayeijua jumla. Mimi naona shida kubwa iko hapa, kuliko katika ugumu wa kemia yenyewe. Mtu mwenye nyapara mmoja mkali walau anajua amwendee nani.

Uchovu huo si jambo la mchezo. Katika chumba chenye asidi, moto na vijana 24 ambao hawajazoea, mtu mzima aliye karibu ni msaidizi huyu. Akiwa hakulala, hatari ni ile ile ya mtu wa zamu ya usiku mbele ya mashine.

Waliotangulia wamejifunza ujanja wao. Hupanga mapema alama za kila sehemu ya ripoti, halafu husahihisha swali la kwanza katika ripoti zote 48 kabla ya kugusa la pili, kama watu wa mstari wa kiwandani. Kazi huenda upesi na alama huwa za haki. Hutenga siku nzima ya masomo yao na kukataa kuiuza. Mwaka wa kwanza hawachukui masomo matatu magumu kwa pamoja, hata wakisifiwa akili. Na wanapoona saa zimezidi, huandika barua kwa mhadhiri mapema, wasingoje mwisho wa muhula, kwa sababu saa zisizoandikwa ni kama hazikufanywa.

Lakini ujanja wa mtu mmoja una mwisho wake. Jambo hili walilitambua wasaidizi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison. Waliunda chama chao mwaka 1966, na mwaka 1970 wakagoma siku 24 wakapata mkataba. (Mwaka 2011 sheria mpya ya jimbo hilo iliwapunguzia sana wafanyakazi wa umma haki ya kujadiliana na mwajiri, kilichopatikana kinaweza pia kuchukuliwa.)

Mahali pengi waajiri walijibu kwamba hawa si wafanyakazi bali ni wanafunzi, na kufundisha ni sehemu ya elimu yao. Hata sisi neno hilo tunalijua: kibarua wa miaka mitatu huambiwa kwamba bado anajifunza kazi. Kwa vyuo vya watu binafsi, bodi ya taifa inayoamua mambo ya kazi huko iligeuka mara kadhaa. Mwaka 2000 ilisema ni wafanyakazi, mwaka 2004 ikasema sivyo, na Agosti 2016, katika shauri la Chuo Kikuu cha Columbia, ikasema tena kwamba ni wafanyakazi.

Mgomo wa California ulikwenda karibu wiki 6, ukaangukia wakati wa mitihani, na mahali pengi karatasi zilikaa bila kusahihishwa. Ndipo watu walipojua ni nani hasa anayesahihisha. Kiini cha madai kilikuwa mshahara, kwa kuwa kodi za nyumba huko ni kubwa mno. Msaidizi wa nusu siku alikuwa akianzia karibu dola 23,000 kwa miezi 9. Mkataba mpya ulipandisha kiwango hicho hadi karibu dola 34,000 ifikapo Oktoba 2024, na dola 36,500 katika vyuo vya Berkeley, Los Angeles na San Francisco. Hata hivyo si wote walioridhika. Katika kura ya wasaidizi wa kufundisha, kama 62 katika kila 100 walikubali, na waliobaki walisema fedha hizo hazifiki hata kwa mwenye nyumba.

Mikataba ya chuo hicho ilikuwa pia imeweka mpaka wa saa: kwa kazi ya nusu siku, zisizidi 220 kwa muhula mfupi au 340 kwa muhula mrefu. Ukigawa kwa wiki utapata zile zile 20, ila sasa wiki nzito ya mitihani inahesabiwa pamoja na nyingine, na mhadhiri hawezi kusema hajui.

Kwa kijana wa kwetu aliyekwenda kusoma huko mpaka huo una uzito zaidi. Viza ya mwanafunzi humruhusu kufanya kazi ya chuoni saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, na kazi ya mitaani hairuhusiwi ila kwa kibali maalumu. Mshahara usipotosha, mwenzake Mmarekani anaweza kuuza duka jioni, yeye hawezi. Huku kwetu mambo yamepangwa kwa namna nyingine: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huajiri wahitimu waliofanya vizuri wakiwa na digrii ya kwanza, wakasaidia kufundisha huku wakitakiwa kupata ya pili. Huyo ni mtumishi tangu siku ya kuajiriwa, habishaniwi. Ila ripoti za kusahihisha ni nyingi kama zile za California, na usiku una saa zile zile.