Sikukuu Katika Korongo la Hell's Gate

Sikukuu inapofika, watu wengi wa mijini hawapendi tena kukaa nyumbani. Hupanda motokaa, au hukodi basi pamoja na jamaa zao, wakaenda kuitazama nchi. Desturi hii ni njema, maana ni vigumu mtu kuipenda nchi asiyoijua. Lakini kila safari ina mambo yapasayo kujulikana kabla ya kuondoka, na hapa nitaeleza habari za mahali ambapo watu humiminika kama siafu siku za mapumziko, yaani hifadhi ya Hell's Gate, au Lango la Jahanamu, karibu na Naivasha.

Kutoka Nairobi ni mwendo wa kilomita 90 hivi. Njia ni mbili: ya juu hupita Limuru na Kinungi, na ya chini huteremka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Mai Mahiu. Sisi tulikuwa watu wanane pamoja na watoto, tukashika ya chini Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba. Mteremkoni lipo kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitalia, ambao walitumwa kutengeneza barabara ile. Mbele yake husimama mlima Longonot, wenye kimo cha mita 2,776. Malori ni mengi, na dereva asiye na subira heri asiishike njia hii.

Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1984, na eneo lake ni kilomita za mraba 68 hivi. Mwaka 1883 wasafiri wawili wa Ulaya, Gustav Fischer Mjerumani na Joseph Thomson Mskoti, walifika pande hizi, na jabali refu lililo karibu na lango huitwa kwa jina la Fischer mpaka leo. Sifa kubwa ya hifadhi hii ni kwamba mtu huruhusiwa kwenda kwa miguu au kwa baiskeli kati ya pundamilia, twiga na swala. Nyati nao wapo, na hao hawataki mazoea.

Siku ile tulikuta msururu wa motokaa langoni, na mabasi ya shule yasiyopungua kumi. Tukakodi baiskeli, tukaenda kilomita saba au nane mpaka penye korongo liitwalo Ol Njorowa. Zamani sana Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko lilivyo sasa, na maji yake yalipotoka upande wa kusini yalilichimba korongo hili katika mawe laini ya volkano. Kuta zake ni ndefu, na mahali pengine ni pembamba hata watu hupita mmoja mmoja. Chemchemi za moto hutiririka ukutani, kwa sababu joto la ardhi li karibu. Joto hilohilo huendesha mitambo ya umeme ya Olkaria, iliyoanza kazi mwaka 1981.

Tulipofika mdomoni mwa korongo, kiongozi wetu, kijana wa Kimaasai, alisimama akatazama vilima vya mbali. Juu yetu jua lilikuwa kali, lakini kule wingu lilikuwa jeusi.

"Wazee wangu," akasema, "leo hatutashuka."

Watu waliokuwa nyuma yetu wakanung'unika. Bwana mmoja akamwambia, "Kijana, tumetoka mbali na tumelipa. Mvua iko wapi hapa?"

Akajibu kwa upole, "Mzee, mvua ya hapa haina neno. Ninaogopa ile ya kule."

Jibu hilo ndilo elimu yote ya korongo. Maji ya vilimani hukusanyika katika vijito vikavu, na vijito vyote huishia katika mfereji mmoja mwembamba. Aliye chini hasikii mvua. Husikia mngurumo tu, na maji hufika upesi kuliko mbio zake. Mwezi wa Aprili 1912 si mbali kuliko Aprili 2012 kwa jiwe, lakini kwetu mwaka 2012 ni jana: vijana saba wa kikundi cha kanisa walichukuliwa na maji hapo. Mwezi wa Septemba 2019 watu saba wengine wakafa vivyo hivyo, na mmoja wao alikuwa kiongozi mwenyeji wa hapo. Tena angalieni: Aprili ni majira ya masika, lakini Septemba si majira ya mvua kubwa. Basi kalenda peke yake haitoshi.

Wingi wa watu nao huongeza hatari. Penye njia ya mtu mmoja, watu mia hawawezi kutoka kwa dakika chache, hasa wakiwamo watoto na kina mama wazee.

Siku ile maji hayakuja. Tulipanda kilimani, tukalitazama korongo kutoka juu, tukala chakula chetu. Baadhi ya watu walimcheka yule kijana, wakisema ametunyima raha bure. Lakini tahadhari haina ushahidi wa kuonyesha. Faida yake ni kwamba watu wote hurudi nyumbani.

Basi anayetaka kwenda na afanye hivi. Afike asubuhi mapema, kabla ya umati. Aulize langoni kama korongo limefunguliwa siku hiyo. Achukue kiongozi mwenyeji, na amtii. Awapo chini, akiona maji yamegeuka rangi au akisikia mngurumo, apande juu mara moja bila kungojea mizigo. Walimu wanaopeleka watoto wasiwashushe wote kwa pamoja. Ada ya kuingia hulipwa tena siku nyingine, uhai haulipwi.