Maneno ya Gari na Pikipiki na Maana Yake

Kila chombo kiingiacho katika nchi huja na maneno yake. Jahazi lilitupa tanga, foromali na demani. Motokaa na pikipiki zimetupa gia, klachi, breki na plagi. Maneno haya yamo vinywani mwa watu wote, hata watoto, lakini wengi huyatamka wasijue maana yake. Naye asiyejua maana humlipa fundi bila kujua alipiacho, na pengine hulipa kwa uhai wake. Basi na tuyaeleze machache, tukiifuata njia ipitayo nguvu toka injini hata gurudumu.

INJINI. Ndani ya injini mna silinda, yaani mwanzi wa chuma, na ndani ya silinda mna pistoni, ipandayo na kushuka kama mchi kinuni. Injini za petroli za magari, na za pikipiki nyingi za siku hizi, hufanya kazi kwa mapigo manne. Kwanza pistoni hushuka, ikifyonza hewa na petroli. Pili hupanda, ikivibana. Tatu plagi hutoa cheche, mchanganyiko ule huwaka, na pistoni husukumwa chini kwa nguvu. Nne hupanda tena, ikiutoa moshi. Nikolaus Otto, Mjerumani, aliiunda injini ya namna hii mwaka 1876. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, moto huwaka katika kila silinda mara 25 kwa sekunde moja.

SISI. Mtu husema, "Pikipiki yangu ni sisi 125." Hicho si kipimo cha mwendo wala cha uzito, bali cha nafasi ambayo pistoni huipitia: sentimita za ujazo 125, zisizofika nusu ya chupa ya soda ya mililita 300.

OILI. Kazi yake ni kulainisha vyuma visisagane. Ikipungua mno, vyuma hupata moto na kushikana, na mafundi husema, "Injini imenoki." Mali ya miaka mingi huharibika hivyo kwa saa moja. Basi pima oili mara kwa mara, chombo kikiwa kimesimama mahali pa sawa.

KLACHI. Hii huiunga injini na gia, tena huitenga. Ukikanyaga klachi ya gari, au ukibana ile ya pikipiki kwa mkono wa kushoto, umeitenga nguvu ya injini isifike magurudumuni. Dereva apumzishaye mguu juu ya klachi safari nzima huila upesi.

GIA. Ni magurudumu ya meno. Gia ya kwanza hutoa nguvu nyingi na mwendo mdogo, kama mtu apandaye mlima kwa hatua fupi. Gia za juu hutoa mwendo mwingi na nguvu kidogo.

FRI. Hapa nawaomba mnisikilize sana. Fri ni hali ya gia kutoshika po pote. Madereva wengine hutelemka mlima kwa fri, wakidhani wanaokoa mafuta. Gari likiwa katika gia, injini husaidia kulizuia. Likiwa katika fri, mzigo wote huangukia breki. Breki zikitumika mfululizo hupata moto, nazo zikiwa za moto mno hazishiki tena. Huko Kenya, mtelemko wa Salgaa umejulikana kwa ajali za malori yaliyoshuka kwa namna hiyo. Tena hata hayo mafuta hayaokolewi: katika magari mengi ya sasa, ukitelemka katika gia bila kukanyaga mafuta, injini hukatiwa mafuta kabisa, lakini katika fri ni lazima ipewe kidogo isizime. Basi kabla ya kuanza kutelemka, ingiza gia ndogo.

BREKI. Mwendo ukiongezeka maradufu, tuseme toka kilomita 40 hata 80 kwa saa, masafa ya kusimama tangu breki ishike hayawi maradufu, bali huwa mara nne. Nanyi wapanda pikipiki, msiiogope breki ya mbele. Mnapofunga breki uzito mwingi huinamia mbele, kwa hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi. Zitumieni zote mbili pamoja, kwa kukaza taratibu, chombo kikiwa kimenyoka. Mkiibana ya mbele kwa ghafula penye mchanga au matope, gurudumu huteleza.

Fundi akikwambia kitu fulani kimekufa, mwombe akuonyeshe hicho kitu, akueleze na kazi yake. Fundi mwema hatachukizwa, maana kuuliza si ujinga.