Umeme Tunaupata, Joto Tunalitupa

Wanachuo wenzangu, mnaukumbuka ule usiku wa kuamkia UE? Umeme ulikatika saa tatu, jenereta likawashwa, tukaendelea kukesha. Nilipopita nyuma yake, moshi wake ulinipiga na joto kali. Hatua chache mbele, mpishi alikuwa anachochea kuni ili maharage ya kesho yaive. Yaani joto tunalitupa huku, halafu tunalinunua kule!

Mimi nasoma ualimu, si uhandisi, ila hesabu yake si ngumu. Katika kila lita tatu za dizeli, ni kama lita moja tu inayogeuka umeme. Nyingine zinaondoka kama joto. Mtambo wa kuzalisha umeme na joto kwa pamoja hulikamata joto hilo na kulitumia kuchemsha maji. Ukipangwa vizuri, unaweza kutumia hadi asilimia 80 ya nishati iliyomo kwenye mafuta. Chuo cha MIT, Marekani, kina mtambo kama huo wa gesi asilia tangu 1995.

Sisi tunaotoka Kwa Sadala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini, huchoma makapi ya miwa. Mvuke unazungusha mtambo wa umeme kwanza, kisha joto lililobaki linachemsha maji ya miwa. Umeme wa ziada wanauzia TANESCO.

Je, na sisi chuoni tunaweza? Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na inatumika Dar es Salaam tangu 2004, lakini bomba halijafika Kilimanjaro. Jenereta la dharura nalo halitoshi, kwa sababu linawaka umeme ukikatika tu, wakati maharage yanataka moto kila siku. Mtambo huu unalipa pale umeme na joto vinapohitajika saa zilezile.

Tuanze na tulichonacho: mabaki ya jikoni na samadi ya ng'ombe vizalishe biogesi ya kupikia. Ikizidi, iendeshe injini ndogo ya umeme, na joto la injini litupashie maji ya kuoga. Baridi ya Juni huku mnaijua.

Kwa hiyo, siku viongozi wetu wakiitwa kujadili jenereta jipya, wasiulize bei peke yake. Waulize pia: joto lake litakwenda wapi?