Asili na ukoo kati ya Wasukuma wa Magu

Wasukuma wa Magu ni wakazi wa wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria (Nyanza). Ni sehemu ya kabila kubwa kuliko yote nchini Tanzania, lakini hawatokani na babu mmoja. Swali la mtu ni wa ukoo gani lilijibiwa zaidi kwa ng'ombe wa mahari kuliko kwa damu.

Jina
Katika Kisukuma, neno "sukuma" lina maana ya kaskazini, kama vile "dakama" ilivyo kusini na "kiya" mashariki. Kwa hiyo Wasukuma ni watu wa kaskazini tu, wakitazamwa kutoka upande wa Wanyamwezi. Zamani mtu alijitaja kwa ukoo wake na kwa mtemi wake. Tawala hizo zilikuwa nyingi na ndogo, hadi mwaka 1946 zilipoungana katika shirikisho lenye makao Malya. Masimulizi ya koo kadhaa za watemi husema mababu walitoka magharibi ya ziwa. Wengine walifika kutoka visiwani na pwani ya ziwa, wakiwemo Wakerewe na Wajita. Mgeni aliyepewa shamba na kushirikiana na majirani alihesabiwa mwenyeji, na wajukuu wake walikua Wasukuma.

Mahari na mtoto
Kwa desturi, mwanamume aliyetoa ng'ombe wa mahari alipata watoto wa ukoo wake. Asipotoa, watoto walikuwa wa upande wa mama: walilelewa na babu mzaa mama na kurithi kwake, hata kama kila mtu kijijini alimjua baba yao. Hapa ndipo ugomvi mwingi ulipozuka, hasa binti alipofikia umri wa kuolewa, kwa sababu mwenye mtoto ndiye mpokeaji wa mahari yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni halali hata mahari isipolipwa. Sheria hiyo ilijibu swali la ndoa. La ukoo wazee wameendelea kulijibu kwa njia yao.

Kwa watemi mambo yalikuwa tofauti. Katika tawala nyingi mrithi wa kiti alikuwa mtoto wa dada, si mwana wa mtemi mwenyewe; urithi wa baba kwa mwana ulienea wakati wa ukoloni. Utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963. Ngoma na vifaa vyao vingine huonekana katika makumbusho ya Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na padre David Clement.

Zaidi ya ukoo, kuna vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu. Humo mtu huingia kwa kufundishwa dawa na michezo, hivyo ndugu wa tumbo moja wanaweza kushindana uwanjani.

Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania kabila lao.